Kamera Huchelewa Wodini

Nisonye kwanza, halafu tuongee. Mnh! Hivi vipindi vya televisheni vya watoto waliolazwa hospitali vina mchezo wao, na kijiwe chetu hapa Mbinga mjini kimeshaushtukia. Mtoto yuko kitandani, dripu mkononi. Kinanda kinaanza kulia taratibu. Mama anafuta machozi. Daktari anaingia, anainama, anasema neno la kutia moyo. Linakuja tangazo la sabuni. Likiisha, mtoto yuleyule anapiga mpira. Kijiwe kizima kinashusha pumzi, hata muuza mitumba aliyekuwa anajifanya hesabu zimemzidi unakuta kahawa imempoa mkononi. Ndipo fundi viatu anapovuta msonyo mrefu na kuuliza: "Nauli katoa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Kwenye vipindi hivyo nauli haipo. Hakuna dirisha la malipo, hakuna karatasi ya rufaa iliyokunjwa mara nne ikafungwa kwenye pindo la khanga, hakuna mjomba anayepigiwa simu usiku wa manane. Mtoto kaota tu kitandani kama uyoga.

Mwalimu mstaafu, ambaye kila jambo analijua na jingine analiongezea, akatupa historia. Wenye mtindo huu, alisema, ni Waingereza. BBC ilianza mfululizo wake wa hospitali ya watoto mwaka 1993, kamera zikiwa Sheffield. Mwaka 2010 wakaingia Great Ormond Street ya London, hospitali iliyopo tangu 1852, ileile ambayo mtunzi J. M. Barrie aliipa haki za Peter Pan mwaka 1929 ili mapato yake yatibu watoto. Na pale Great Ormond Street, kusema haki, walifanya kazi ya maana: walionyesha madaktari wakibishana mezani kama mtoto apasuliwe tena au aachwe apumzike. Hilo nalipigia saluti. Bingwa kukubali mbele ya kamera kwamba hajui lipi lililo sahihi, si jambo la kila siku, iwe London iwe Songea.

Lakini sikilizeni kasoro ilipo. Uingereza, tangu 1948, mgonjwa haingii wodini na pochi, kodi imeshamlipia. Kwa hiyo hadithi yao ina haki ya kuanzia mlangoni mwa wodi, maana yaliyotangulia mlango hayana kisa: gari la wagonjwa liliitwa, likaja. Sisi tukiuchukua mkato huohuo na kuuleta huku kama ulivyo, tunakuwa tumeruka sehemu kubwa ya ugonjwa. Huku mtoto akishafika kitandani, mambo mengi yameshaamuliwa, tena yameamuliwa na watu wasio madaktari: na mwenye boda, na mwenye boti, na baba mkubwa mwenye ng'ombe mmoja.

Na hata huko kwao kamera haioni kila kitu. Hospitali ya Alder Hey ya Liverpool nayo iliwahi kupigwa picha za vipindi vya aina hii. Mwaka 2001 ikatoka ripoti ya uchunguzi: viungo vya watoto waliofia pale vilikuwa vimetolewa na kuhifadhiwa bila wazazi kujua. Mama wa vitumbua aliposikia hilo alishika kifua. "Sasa hao wa kamera walikuwa wanapiga picha gani, Mwalimu?" Mwalimu akanyamaza, jambo ambalo kwake ni habari.

Tusogee karibu na kwetu. Ipo filamu inaitwa Open Heart, ya mwongozaji Kief Davidson. Si mfululizo, ni filamu fupi, na mwaka 2013 iliingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Inafuatilia watoto wanane wa Rwanda ambao mioyo yao imeharibika. Wanaziacha familia zao, wanapandishwa ndege hadi Khartoum, Sudan, kwenye kituo cha Salam cha shirika la Kiitaliano la Emergency, kilichofunguliwa mwaka 2007 na kilichokuwa kinapasua moyo bila kumtoza mtu senti. Ukiitazama utalia, na hutakuwa umelia bure. Ndege inaonekana, kuagana kunaonekana, hofu ya mtoto asiyejua lugha ya watu waliomzunguka inaonekana. Kwa hiyo hawa angalau wametoka nje ya wodi. Nawapa maua yao.

Ila sasa muulizeni muuguzi yeyote ugonjwa ule unaanzia wapi. Unaanzia kooni. Mtoto anapata mafindofindo ya kawaida, yale tunayoyaambia "kasukutue kwa maji ya chumvi". Vijidudu visipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kuchanganyikiwa na kuanza kuushambulia mwili wenyewe: magoti yanavimba, homa inapanda, na polepole valvu za moyo zinakakamaa au zinaanza kuvuja. Wanaokumbwa zaidi ni wa umri wa shule, kati ya miaka 5 na 15. Na dawa ya kuzuia yote hayo ni penisilini, dawa ya kizee, ya bei rahisi, ambayo zahanati yoyote inatakiwa kuwa nayo. Maana yake filamu kamili ya ugonjwa ule ilipaswa kuanza miaka kadhaa kabla ya ndege, kwenye zahanati ya kijiji, mbele ya kabati la dawa. Nani atatoa Oscar kwa kabati la dawa?

Kamera imechelewa kufika, basi tuone kama inakawia kuondoka. Wapi! Mtu aliyewekewa valvu ya bandia ya chuma anameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, maisha yake yote, na damu yake inatakiwa kupimwa mara kwa mara, maana dawa ikizidi atavuja damu na ikipungua damu itaganda kwenye valvu. Hiyo ni kazi ya miaka hamsini, na haina kinanda. Halafu Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum, mji uleule walikopelekwa watoto kutoka pande zote hizi za Afrika. Kila nikikumbuka hilo nashindwa hata kusonya.

Kwetu hapa, kuna la kujivunia, na fundi viatu asinikate kauli. Zamani watoto wa moyo walikuwa wanapelekwa India, kwa foleni na kwa kubahatisha. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Daktari Godwin Sharau alikwenda kusomea upasuaji wa moyo wa watoto Israel, akarudi kuwapasua wa kwetu. Taasisi hiyo ina tiba mkoba pia, madaktari bingwa wanatoka Dar es Salaam kwenda mikoani kupima watu. Hayo ni maendeleo. Lakini mtoto wa Mbamba Bay bado ana kilomita 66 za kupanda milima hadi Mbinga, kisha kama 100 hadi Songea, kisha zaidi ya 900 hadi Dar es Salaam, kwa basi, kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro. Ndugu yetu Mnyasa anayetuletea usipa na mbasa kutoka ziwani anasema siku hizi tusilalamike, lami ipo. Kweli ipo, tena nzuri. Ila lami haikulipii tiketi ya mgonjwa na ya mtu wa kumshika.

Sisi wenyewe tuliwahi kuwa na mfululizo wetu bila mtu kuupanga. Mnakumbuka basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha? Tarehe 6 Mei 2017 lilipata ajali Karatu. Waliokufa ni 35, wanafunzi 32 na watu wazima watatu. Watoto watatu wakanusurika, na siku chache baadaye wakapandishwa ndege kwenda Sioux City, Iowa, Marekani. Kuanzia hapo kila mwenye simu alikuwa na wodi mfukoni. Leo kapasuliwa, leo kasimama, leo kacheka. Wamatengo wa huku kwetu ambao Arusha hawajawahi kuifika wakawa wanaulizana asubuhi, "Watoto wameamkaje?" Waliporudi Agosti mwaka huohuo, nchi nzima ilikuwa uwanja wa ndege kuwapokea, wengine kwa miguu, wengine kwa macho.

Silisemi hilo kwa ubaya. Walistahili, na zaidi ya hapo. Kijana wetu wa bodaboda ndiye aliyelitia mchanga: "Mzee, mimi kila wiki nabeba mtoto mwenye mguu uliovunjika. Ajali ya mmoja mmoja haina mtangazaji." Tukamwambia anyamaze, akanyamaza, na sentensi yake ikabaki pale kwenye benchi na sisi.

Maana kamera ina chaguo lake. Inapenda ugonjwa unaoonekana. Mdomo sungura, kichwa kikubwa, nyayo zilizopinda, uvimbe shavuni: kuna picha ya kabla na picha ya baada, na mtazamaji anajua hela yake imekwenda wapi. Sasa chukueni takwimu za utafiti wa afya wa Taifa wa mwaka 2022. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hawafiki miaka mitano. Na kati ya hao 43, watoto 24 hawamalizi hata mwezi wa kwanza. Zaidi ya nusu! Wanaondoka kabla ya kucheka mara ya kwanza. Dada mmoja muuguzi, mteja wa vitumbua, alisimama akatusikiliza, akasema maneno ambayo ningeyaandika ukutani kama ukuta ungekuwa wangu: "Mtoto njiti hana stori. Analala, analala, analala, halafu siku moja ama kaongezeka gramu ishirini ama hayupo." Mama yake kamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, hana la kusema kwenye kipaza sauti isipokuwa kwamba amechoka. Ukimpiga picha saa nane mfululizo utapata mwanamke aliyekaa.

Ningeitazama mimi hiyo. Kijiwe kilinicheka.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndipo midomo ilipoinama. Mtoto wa kwenye televisheni yetu mara nyingi haonyeshwi ili tujifunze chochote. Anaonyeshwa ili tuchange. Chini ya uso wake inapita namba ya simu. Usipokuwa na bima, sura ndiyo bima. Na kama sura haivutii, au ugonjwa hauonekani, au mama hajui kuongea mbele ya watu, basi kadi yako imekwisha muda. Ilikuwepo ile Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 ukasitishwa uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, wazazi wakaambiwa watoto wapitie shuleni. Mama wa vitumbua alikuwa na swali jepesi tu: mtoto wa miezi saba yuko darasa la ngapi? Baadaye kadi ikarudishwa, na tunashukuru, lakini kati ya kusitishwa na kurudishwa watoto hawakusitisha kuugua. Tulikuwa pia na bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Ni hela ya kawaida ukiitazama Julai, msimu wa kahawa. Februari ni mlima.

Bodaboda akarudi kwa nguvu. "Bila picha nani angechanga? Mwacheni mtoto apate, heshima atajitafutia akishapona." Ni hoja nzito, nisiidharau, wapo watoto wanatembea leo kwa sababu uso wao ulipita kwenye simu za watu. Mama wa vitumbua hakukubali. "Na akikua je? Shuleni watamwita kwa jina la ugonjwa. Akitaka kuoa, video ile iko palepale. Yeye alisaini wapi?" Mwalimu akaleta sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti, si za kuchezea. Fundi viatu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye soli, akasema, "Sheria iko Dodoma, simu iko hapa."

Tena tuseme ukweli kuhusu hiyo saini. Mama yuko benchi la hospitali siku ya tatu, hajaoga, mtoto anahema kwa mbavu. Anakuja kijana msafi mwenye kamera, ameongozana na mtu wa hospitali, wanampa karatasi. Atakataa? Yeye anaona wote ni timu moja: aliyeshika sindano, aliyeshika faili, aliyeshika kamera. Anaogopa akikataa kamera na sindano itachelewa. Hata kama si kweli, hofu hiyo inatosha kuifanya saini isiwe saini. Mtu angemrudia mwezi mmoja baadaye, nyumbani kwake, mtoto akiwa anacheza, amwambie: mama, picha zako hizi, tuzitumie au tuzifute? Hapo ndipo ningeiamini karatasi.

Walikuwepo waliozungumza wenyewe. Maria na Consolata, wale pacha walioungana, wazaliwa wa Ikonda kule Makete mwaka 1996, waliofariki Iringa tarehe 2 Juni 2018 wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Televisheni iliwapenda kupita kiasi, hilo sikatai, na maswali mengine waliyoulizwa yalikuwa ya kipuuzi hadi ukitazama unaona aibu kwa niaba ya mwandishi. Lakini walikuwa na ulimi. Walisema wanataka kuwa walimu, wakatania, wakamrudisha mwandishi kwenye mstari. Ndiyo maana tunawakumbuka kwa maneno yao na si kwa umbo lao peke yake. Mtoto wa miaka minne kwenye kipindi hana ulinzi huo. Anasemewa na sauti nzito ya mtangazaji ambaye hata jina la kijiji chake analikosea. Liuli anaiita Liule. Nimesikia kwa masikio yangu.

Basi kama kuna mtu ana kamera na ana hamu ya kutengeneza mfululizo wa watoto wagonjwa wa upande huu, kijiwe kimeshamwandalia, tena bure. Mnyasa anataka uanze majini. Ana hoja: Ziwa Nyasa limezoea wagonjwa. Chauncy Maples, meli ya wamisionari wa Kianglikana iliyoanza kazi mwaka 1901, ilikuwa inatembea na tiba ndani, na hospitali ya St. Anne ya Liuli ni ya ukoo huohuo wa kanisa. Anataka waonyeshe boti ya mbao alfajiri, upepo wa kusini umeamka, mama kamfunika mtoto kwa turubai lililobakia, na nahodha anaangalia mawimbi kabla ya kusema ndiyo. Sisi wa milimani tunataka uanze Litembo, kwenye hospitali ya Jimbo Katoliki, ukungu umefunika mashimo ya kilimo cha ngolo, boda inapanda imebeba watu watatu na mmoja wao hana nguvu ya kujishikilia. Wabenediktini wa Peramiho wamepewa sehemu yao, maana wako pale tangu 1898 na hakuna ukoo hapa usio na mtu aliyetibiwa kwao. Dirisha la malipo limepewa kipindi kizima. Muziki umepigwa marufuku.

Kipindi cha mwisho tulikubaliana haraka kuliko vyote: mtoto ameruhusiwa, amerudi, na tarehe ya kliniki imeandikwa kwenye kadi. Kamera ikae hapo kijijini hadi tarehe ifike, ione kama nauli itapatikana mara ya pili. Mara ya kwanza ukoo mzima ulichanga. Mara ya pili ukoo unaanza kukohoa. Mara ya tatu baba mkubwa anasema, "Si ameshapona huyu?"

Kilichotugawa ni mwezi wa kuja. Wenye kamera huja Julai na Agosti, kumekauka, anga safi, milima imependeza. Kosa! Julai hapa kahawa inachumwa, AMCOS, vyama vyetu vya ushirika, vinapokea, mahindi yameingia ndani, kila baba ana sauti nyumbani kwake. Utapiga picha watu ambao si sisi. Mimi nasema waje Februari. Mvua inapiga, chakula cha ghalani kimebaki chini, kahawa iko mtini, kijani kabisa. Mtoto akishikwa na homa mwezi huo, anapita bwana mmoja mwenye pesa taslimu, anaikagua miti ya baba mtu, anataja bei ya kutupa. Ndiyo magoma hiyo, kahawa kuuzwa kabla haijaiva, biashara ambayo viongozi wanaikataza na ambayo haiishi. Mavuno ya mwaka mzima yanabadilishwa na nauli ya kwenda Songea. Hilo ndilo onyesho la kwanza, kabla ya daktari, kabla ya kitanda.

Fundi viatu alikubaliana nami kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaongeza jambo moja tu. Mtoto ataonyeshwa uso wazi, alisema, na mama yake hivyohivyo. Lakini yule bwana wa magoma ataomba sura yake ifunikwe, na watamfunikia.